Sauti Nne za Wimbo wa Mwisho

Kila mwaka kwaya yetu inapomkumbuka marehemu mwalimu, mtu mmoja husimama na kipaza sauti na kutangaza kwamba kazi yake kubwa ya mwisho haikukamilika kwa sababu mauti yalimkatisha. Watu hutikisa vichwa kwa huzuni. Mimi hukaa benchi la nyuma, nikiangalia kucha zangu. Mauti hayakumkatisha chochote. Mzee alimaliza, akafundisha, ndipo akafa. Aliyeizuia kazi ile isikamilike ni mimi, na kabla hujanilaumu naomba usikilize alichonifanyia. Aliyekuwa na haki ya kunikataza nisiandike amenikubalia, kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu. Wale ambao wangelitumia neno hili vibaya hawapo tena. Kwa hiyo naandika, na majina sitaji, hata langu.

Mimi ni fundi cherehani. Naishi Kagondo, pembezoni mwa mji wa Bukoba, cherehani barazani na migomba nyuma ya nyumba. Lakini kwetu ni Kamachumu, huko Muleba, na huko ndiko mwalimu alikonifundisha kuimba nikiwa bado msichana wa shule. Nilitaka sauti ya kwanza kama wasichana wote, maana sauti ya kwanza ndiyo inayosikika. Yeye akanisikiliza, akanisukuma begani hadi kwenye safu ya pili. Akaniambia, "Wewe kaa hapa. Hawa wenzako watapata sifa, wewe utaushika wimbo." Nilinuna wiki nzima. Baadaye nilimwelewa, nikampenda kwa hilo, na baba yangu alipofariki ni mwalimu huyo huyo niliyekuwa nikimpelekea mambo ambayo binti humpelekea baba.

Alipostaafu kufundisha shule alianza kutunga kitu ambacho hatukuwa na jina lake. Wenye Kiingereza chao walikiita opera. Sisi tulikiita mchezo wa kuimba, na maana yake ilikuwa hiyo hiyo: watu wanaigiza, ila hakuna anayesema neno bila kuliimba. Hata mtu akiomba maji ya kunywa, anaomba kwa nota. Siku za mwanzo tulicheka mpaka tukashindwa kuimba. Bibi mmoja aliyekuja kutazama mazoezi aliuliza kwa sauti kama hawa watu ni wagonjwa, mbona hawazungumzi tu. Mwalimu hakukasirika. Alisema neno likisemwa mtu huliacha mlangoni, likiimbwa anakwenda nalo nyumbani.

Aliandika michezo kadhaa, na ule wa mwisho ulihusu kibanja, yaani shamba la urithi lenye nyumba na makaburi ya ukoo. Mzee mwenye migomba mingi na kahawa nyingi anafariki, na siku ya kuondoa matanga ukoo unakaa kumtaja mrithi. Sehemu mbili za kwanza tuliziimba mjini Bukoba, ukumbi ukajaa hadi watu wakasimama madirishani. Mchezoni kulikuwa na ndugu wa marehemu ambaye, wenzake wakilia, yeye anapima shamba kwa hatua huku akiimba kwa uchungu. Watu walivunjika mbavu. Kila mtu alidhani ni baba yake mdogo. Mimi pia nilicheka, nikamfikiria wa kwetu.

Wa kwetu alikuwa na sababu ya kufikiriwa. Kibanja chake kinapakana na cha baba yetu, na tangu baba afe ile miti ya mpakani ilikuwa na tabia ya kusogea. Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyetajwa kuwa mrithi, na ndiye aliyekaa pale na mke na watoto, akitunza makaburi ya wazee wetu chini ya migomba. Baba mdogo hakuwahi kumpinga hadharani. Alichofanya ni kumtazama sana usoni penye vikao vya watu, kisha anasema, kama vile anajisemea, kwamba kijana huyu hakuchukua sura ya upande wowote. Kaka alikuwa anacheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu mama alikuwa ameniambia.

Aliniambia akiwa kitandani hospitalini Bukoba, siku chache kabla hajatutoka. Mama alikuwa mtu wa visiwani, vile vya ziwani kwetu. Alisema, "Nilivuka ziwa nikiwa na mizigo miwili, mmoja kichwani na mmoja tumboni. Baba yenu akanitua yote." Nikamwelewa papo hapo. Kaka hakuwa wa damu ya baba. Baba alijua, akampokea, akampa jina la ukoo, na hakulisema kwa mtu. Mama akaniomba nikae nalo, nisimwambie kaka, kwa kuwa kaka angejiona mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Na ukoo ukisikia, ungemtoa kwenye kibanja.

Tukamzika mama. Lile neno likaanza kunila. Sikuwa napata usingizi, nilikuwa nashona mikono ya magauni upande usio wake, wateja wananirudishia. Mwishowe nikapanda hadi Kamachumu, nikaenda kwa mwalimu. Alinikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni wa heshima kwetu, akanipa kahawa za kutafuna kwenye kisahani, tukakaa. Nikamwambia yote, neno kwa neno, kwa jinsi mama alivyolitamka. Alifunga macho akisikiliza. Nilidhani anasali. Nilipomaliza aligonga kifua chake akasema, "Mwanangu, limeingia humu. Halitoki."

Nikarudi Kagondo nimepona. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma hadi leo, kwamba nilipona.

Sasa nieleze alivyokuwa akifanya kazi, maana bila hilo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Mwalimu alikuwa haandiki wimbo mpya mpaka ausikie umeunganishwa. Kwanza alimfundisha kila mtu sauti yake kwa mdomo, mmoja mmoja, kila mmoja mahali pake. Nota kwanza, maneno baadaye. Siku ya kuunganisha ndipo tunakutana sauti zote nne, tunaimba, yeye anarekebisha, halafu anakwenda kuandika. Na kabla ya siku hiyo ilikuwa marufuku kumwimbia mwenzako sauti yako au kumwuliza maneno yake. Alisema ukiijua sauti ya jirani utaiegemea. Tulilishika hilo kama amri ya kanisani. Kwa mwanakwaya wake, kuuliza sauti ya nne inasema nini ilikuwa sawa na kuchungulia chungu cha jirani.

Wimbo wa kufunga mchezo ule aliutungia watu wanne tu. Alikuwa ameshaanza kuumwa. Sauti ya kwanza alimpa mwalimu mmoja wa shule, Mkatoliki. Mzee wetu alikuwa Mlutheri kweli kweli, ila penye sauti nzuri hakuuliza dhehebu. Mimi nikapewa ya pili. Sauti ya tatu ilikwenda kwa mtoto wake wa kiume, ambaye anaishi Bilele na anafundisha muziki mjini. Na sauti ya nne, besi, alimpa kaka yangu.

Kaka alikuwa ameimba nyuma ya watu maisha yake yote. Kupewa nafasi ya mmoja kati ya wanne kulimfanya atembee kifua mbele Kamachumu nzima. Alinipigia simu. "Dada, nimepewa maneno makali," akasema, anacheka. "Hapa kibanjani nikipunguza majani ya migomba naimba mpaka mbwa wanakimbia." Sikumwuliza ni maneno gani. Hata hamu ya kuuliza sikuwa nayo.

Yangu yalikuwa ya binti anayemhimiza mama yake. Yalianza hivi: "Sema, mama, watu wamekuja." Mwalimu alinifundisha amekaa kitandani, ameegemea mto, anapiga mapigo kwa kidole kwenye blanketi. Sauti ilikuwa inashuka polepole halafu inapanda mahali ambapo huitegemei. Mimi nilikuwa wa kuanza, na wenzangu wote watatu walitakiwa waingie kwa kunisikiliza mimi. Aliniambia, "Umeushika wimbo, kama nilivyokuahidi." Nikamshika mkono nikambusu. Mungu wangu, nikambusu mkono. Nilirudi nikaimba mlangoni kwangu nikishona, majirani wakawa wananiita Sema Mama.

Akafa kabla ya siku ya kuunganisha. Tulimzika kwa nyimbo zake, na baada ya matanga mwanawe akatuita Bilele, nyumbani kwake, tuuunganishe wimbo wenyewe ili auandike na kwaya iuimbe kwenye ibada ya kumbukumbu, pale pale Kamachumu. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mkewe alitupa chai na ndizi, tukasogeza makochi ukutani, tukasimama pembe nne za sebule tukitazamana. Mtoto wa mwalimu aliweka mezani simu atakayorekodia, akasema tuimbe kwanza mara moja bila kurekodi, tupashe sauti.

Nikaanza. "Sema, mama, watu wamekuja." Nikaimba mistari yangu ya kwanza vizuri, mwili ukanisisimka. Ndipo sauti ya kwanza akaingia, yule mwalimu wa shule, mama mpole ambaye hakuwahi kumwona mama yangu. Akaimba: "Nilivuka ziwa na mizigo miwili, mmoja kichwani, mmoja tumboni. Mume wangu akanitua yote."

Nilijikuta naendelea kuimba kwa mazoea tu, mdomo unakwenda wenyewe. "Sema, mama, waambie wote." Mtoto wa mwalimu akaingia na sauti ya tatu, yeye ni yule kijana mrithi, anamwomba marehemu babaye amwite jina lake. Kisha kaka yangu. Alikuwa ameushika mkono wa kochi, ameinua kidevu, na ile besi yake ikatoka nzito na safi, haijawahi kutoka hivyo: "Si wa kwetu. Kibanja si chake. Atoke."

Pale nikanyamaza. Nilikuwa bado na mistari mingi ambayo hakuna mtu mwingine aliyeisikia, nikaifungia mdomoni. Wenzangu wakayumba, mmoja mmoja wakaacha, kwa kuwa hawakujua waingie wapi. Kaka peke yake ndiye aliyeendelea. Aliimba mpaka mwisho wa sauti yake, "atoke, atoke," akinitazama mimi. Nilidhani ananitazama kwa fahari.

Wakaja kunikumbatia. Walidhani namlilia mwalimu. Nilikuwa namlilia kweli, lakini kwa hasira ambayo ningeweza kumfukua nayo. Alikuwa amelichukua neno la mama yangu jinsi lilivyo, hata halikubadilishwa nguo. Angalau angemtoa yule mama milimani badala ya ziwani. Bukoba watu wangepiga makofi wakaenda zao, lakini Kamachumu kila mtu anajua ni mke gani alitoka visiwani, na ameacha mrithi mmoja na binti mmoja. Baba mdogo angekuwa kiti cha mbele. Na juu ya yote, mimi alinipa kazi ya kumlazimisha mama aseme mbele ya ukoo, na kaka akampa kazi ya kujifukuza mwenyewe. Mtu akikuibia kuku unamshitaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Huyu ningemshitaki wapi?

Kingine kilichoniumiza ni kwamba wimbo ule ulikuwa mzuri. Katika nyimbo zote alizotunga hakuna uliofika pale. Nilisimama katikati ya sebule ile nikijua kwamba ameniuza, na kwamba ameniuza kwa kitu kizuri.

Mtoto wa mwalimu akaniletea maji. Akasema, "Pole, dada. Pumzika, tutarudia nirekodi."

Nikamwambia, "Sauti imenitoka."

"Imekutokaje? Si ulikuwa unaiimba vizuri sasa hivi?"

"Imenitoka. Nimesahau."

Alicheka kwanza. Tukajaribu tena, nikasimama kama gogo. Akaanza kunibembeleza, akaja Kagondo mara kadhaa na kinanda chake, akanipigia nota za mwanzo nikamwambia hazinikumbushi kitu. Jirani zangu wakamwambia mbona huyu alikuwa anaimba hapa kila siku. Nikasema hata mimi nashangaa. Walijaribu bila mimi, sauti tatu, ikawa kila mtu anaingia popote. Akafikiria kuitunga sauti ya pili mwenyewe, lakini wazee wa kwaya wakakataa kutia mkono wa mtu mwingine kwenye kazi ya marehemu. Mchungaji aliniita akaniuliza kwa upole kama nina kinyongo na mtu. Nilimjibu hapana, mbele ya msalaba, na sijutii.

Ningewaeleza nini? Kueleza sababu ya kunyamaza ni kulisema lile lile ninalolinyamazia. Kwa hiyo nikavikwa kila jina. Nikawa ninaringa, nikawa namwonea wivu mwalimu wa shule kwa kupewa sauti ya kwanza, nikawa nimepandisha mabega. Mjane wa mwalimu alikutana nami sokoni akashika kitenge changu akaniambia, "Mume wangu alikupenda kuliko watoto wake, nawe umemzika mara mbili." Nilimwamkia kwa heshima zote nikapita. Nyumbani nilipiga meza mpaka sindano zikaruka.

Ibada ya kumbukumbu ikafanyika kwa sehemu mbili tu za mchezo, na hapo ndipo hadithi ya mauti kumkatisha ilipoanza. Kibanja kikasalimika. Lakini kaka alinigeuzia kisogo. Hakunipigia simu tena. Mkewe ndiye aliyekuwa ananitumia salamu, na mkungu wa ndizi mara moja moja, bila maneno yake. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa: nimempokonya nafasi pekee aliyowahi kupewa. Nikaumia, kisha nikakasirika naye pia. Nimechafuliwa jina mji mzima kwa ajili yake, naye ananinunia kwa sababu ya besi!

Msimu wa kahawa ulipofika nilichoka kununiwa, nikaenda. Nilimkuta anaanika kahawa mbele ya nyumba, kwenye majamvi, akiigeuza kwa mikono. Nikamwamkia, akaitikia. Nikavua viatu, nikachuchumaa upande wa pili wa jamvi, nikaanza kuigeuza nami. Tukafanya kazi hivyo muda mrefu.

"Dada," alisema, hakuinua macho. "Ile sauti haikukutoka."

"Ilinitoka, waitu," nikamjibu kwa lile neno letu la heshima.

"Mizigo miwili," akasema.

Mikono yangu ilisimama kwenye kahawa.

"Tata aliniambia nilipotaka kuoa," alisema, akimtaja baba kama tulivyomwita nyumbani. "Aliniita kule chini kwenye mibuni. Akasema, mama yako alifika na mizigo miwili nikamtua. Akasema wewe ni wangu, nisisikie unajiuliza. Nikamwahidi sitajiuliza, na mama sikumwonyesha kwamba najua. Nilipomsikia yule mama Bilele anaimba, nilidhani naanguka."

"Lakini uliimba mpaka mwisho!"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

Nikamwaga yote. Nikamweleza hospitali, nilivyokosa usingizi, kahawa za kutafuna, kifua kilichogongwa. Nikamwambia mwalimu aliniapia, mwalimu amenisaliti, mwalimu alikuwa mwizi mwenye kipaji, na mimi nimetukanwa na kanisa zima ili yeye abaki hapa alipo. Nililia mpaka machozi yakadondokea kwenye kahawa yake. Alinisubiri nimalize. Alikuwa anachagua punje mbovu moja moja na kuzitupa pembeni.

"Mwalimu amekusaliti wewe," alisema. "Mimi sikumwambia mwalimu kitu."

Akatupa punje nyingine mbovu.

"Habari ya mama nilikuwa nayo miaka yote hiyo, dada, na nililala vizuri. Nilichokuwa sijui ni kwamba wewe unaweza kuitoa nje."

Baba mdogo akatokea mpakani, fimbo mkononi, akasimama kwenye miti yake inayosogea. Alitusalimu, tukamwamkia wote wawili. Akauliza ule wimbo wetu wa mwisho utaimbwa lini, maana amesikia unahusu mambo ya vibanja na yeye anapenda mambo hayo.

"Haupo tena, baba," kaka alimjibu kwa adabu. "Dada amesahau sauti yake."

Akaendelea kuchagua kahawa, na hakunitazama.